Upande wa Jikoni

Kila Jumapili, misa ikishakwisha na ugali wa mchana ukishatulia tumboni, wanaume wanne walikaa sebuleni kwa Ba Chishimba, katika mtaa wa wachimbaji wa Mindolo, mjini Kitwe, kwenye Ukanda wa Shaba, kila mmoja na santuri yake kwapani. Ba Chishimba aliendesha mtambo wa kushusha na kupandisha watu mgodini. Ilikuwa kazi ya makini, na gramafoni aliiendesha kwa makini yaleyale. Aliifuta sindano kwa kipande cha flana, akaweka mikono magotini, kisha akauliza swali ambalo ndilo lilikuwa chama chenyewe, maana hakikuwa na jina wala mwenyekiti.

"Haya. Nani anasikiliza nini siku hizi?"

Sharti lilikuwa moja. Huleti santuri unayoipenda kuliko zote, wala ya kuwakoga wenzako. Unaleta ile ambayo wiki hiyo kweli ilikuwa inazunguka nyumbani kwako, hata kama ni ya aibu. Ba Katongo, mwalimu wa shule ya msingi, mwaka aliofiwa na binti yake alileta kwaya ileile ya kanisa Jumapili baada ya Jumapili, na hakuna aliyenung'unika. Ba Jere, fundi bomba mwenye kifua kipana, alikuwa mtu wa rumba ya Kongo. Alidanganya mara moja tu, akaleta jazi ya Marekani, na walimgundua upande wa kwanza haujafika katikati kwa sababu alikuwa akipiga mguu mahali pasipo na ngoma.

"Mla panya huyu," alisema Ba Chishimba. "Hiyo umeazima kwa mzungu gani?"

"Kaa kimya, mla nyani. Afadhali mimi nimepiga mguu. Wewe umekoroma."

Ba Jere alikuwa Mngoni, na Wangoni na Wabemba ni watani, kwa hiyo matusi hayo yalikuwa sehemu ya salamu. Wa nne alikuwa Ba Lombe, muuguzi wa zahanati, mpole, mwenye kuomba radhi hata kwa kiti alichokigonga. Santuri ilipigwa pande zote mbili bila mtu kufungua mdomo. Maneno yalikuwa ya wakati wa kugeuza, na hapo ndipo waliposema mambo yao yote, ya mgodi, ya watoto, ya magonjwa. Jioni waliazimana santuri na kuagana.

Bana Nkandu, mke wa Ba Chishimba, aliyeitwa hivyo kwa jina la binti yao, alikuwa jikoni. Alipika matembele kwa karanga, akasonga ugali wa jioni, na kila santuri ilipogeuzwa aliingia na vikombe vya munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi. Muziki wote aliusikia kupitia ukutani. Wimbo wa kwanza wa upande wa pili hakuwahi kuusikia mzima, maana huo ulikuwa wakati wa kukusanya vikombe na kuvisuuza. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza yeye anasikiliza nini siku hizi. Hawakuwa na nia mbaya. Haikuwajia akilini, basi.

Mwaka mmoja mgodi uliwauzia wafanyakazi nyumba walizokuwa wakiishi, na Ba Chishimba akainunua yake. Mwaka uliofuata alikufa kwa mapafu, kama wanaume wengi wa Mindolo.

Ndugu zake walitoka Luanshya, wakiongozwa na mdogo wake, Ba Sampa, mtu mcheshi aliyevaa kofia ya pama hata ndani ya nyumba. Walilia vizuri na kuzika vizuri. Kisha wakaleta lori. Kwa Wabemba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na wale ndugu walishikilia kwamba mali ya mwanaume nayo ina ukoo wake wa kurudi, kwa hiyo hawakuona sababu ya kuja kwa kificho. Walibeba kitanda, makochi, jokofu, pasi, mapazia na vyuma vya mapazia. Walibeba sufuria, moja ikiwa bado na matembele ndani. Bana Nkandu alikuwa ameketi sakafuni, kitenge kimemfunika kichwa, maana mjane siku hizo haongei.

Walipofika kwenye gramafoni, Ba Jere alijilaza chali juu ya masanduku ya santuri.

Mtani msibani ana haki hiyo. Anaweza kuvaa suruali ya marehemu, anaweza kukaa juu ya kaburi akavuta sigara, anaweza kushikilia kitu chochote na hakuna wa kumgusa mpaka akombolewe.

"Haziondoki!" alipiga kelele. "Huyu mla nyani aliniambia zisiondoke hapa! Anayezitaka anibebe na mimi, na mimi nina uzito, nimeshiba panya wa kwetu Chipata!"

Waombolezaji walicheka, hata wale waliokuwa wakilia. Chini ya kitenge, Bana Nkandu aliacha kulia ili asikilize. Alijua kwamba Ba Jere akiamua anaweza kulala pale hadi kesho, na keshokutwa, na mila yote ingekuwa upande wake.

Ba Sampa naye alicheka, akaivua kofia yake kumpa mtani heshima, akaagiza kuku. Aliletwa jike mwekundu, mnono, amefungwa miguu. Mtani akishapokea ukombozi huinuka, na utani umekwisha. Ba Jere alimtazama yule kuku, akawatazama watu waliokuwa wakisubiri kucheka tena, na mikono yake ikampokea kwa mazoea tu, kama ilivyokwisha kupokea kuku katika misiba mingi. Watu wakapiga vigelegele. Akainuka. Masanduku yakapanda lori, na jioni ile Ba Jere alimla kuku wake, akasema hakuwa na ladha.

Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, muziki ulianza nyumbani kwa Bana Nkandu.

Alikuwa jikoni, anapika kwa sufuria ya kuazima. Ilikuwa albamu ya kalindula, muziki wa gitaa na ngoma, ya kijana mmoja wa Mansa, ile yenye picha ya baiskeli kwenye jalada, na ilitoka ukutani palepale ilipozoea kutokea. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Jirani alimwomba juu ya ua apunguze kidogo kwa sababu mtoto amelala, naye akamjibu kwa adabu kwamba hajui pa kupunguzia. Jirani akamhamishia mtoto chumba cha upande wa pili.

Kule Luanshya santuri zilizunguka bila kutoa sauti. Ba Sampa alibadilisha sindano, kisha akaita fundi. Fundi aliitazama mashine, akazishika santuri moja moja na kuzielekeza kwenye mwanga.

"Mashine nzima," alisema. "Ila hizi ni tupu, mzee. Kilichokuwemo kimebaki huko mlikozitoa."

Ba Sampa akapanda basi kwenda Mindolo. Alisimama sebuleni, kofia kichwani, akasikiliza.

"Shemeji, naona muziki umebaki."

"Umebaki."

"Sasa inakuwaje?"

"Mimi nitajuaje, shemeji? Mlibeba wenyewe. Mimi nilikuwa chini ya kitenge."

Habari zilifika kwa wale wanaume watatu kupitia kwa Ba Lombe, ambaye zahanati yake haikupitwa na kitu. Jumapili wakaja, kila mmoja na santuri yake kwapani, ingawa hakukuwa na cha kuipigia. Sebuleni hapakuwa na kiti. Walisimama katikati ya sakafu na kuusikia muziki kwa mbali, umefifia, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Ba Katongo alizunguka nyumba nzima, shingo ameipinda upande, akafika jikoni, akanyoosha kidole.

"Ni hapa," alisema. "Unasikika kutoka hapa."

Wakaingia, wakaketi sakafuni, migongo ukutani, miguu wameikunja ili Bana Nkandu apate pa kupita. Baada ya muda wakatambua kilichomo. Mlikuwa na gitaa, ngoma na sauti ya yule kijana wa Mansa, na ndani yake mwiko ukizunguka sufuriani, kifuniko kikitikisika, maji yakimiminwa. Na chini ya hayo yote, sauti ya mwanamke ikiufuata wimbo bila maneno, ikichelewa kidogo nyuma ya mwimbaji, ikifika kila mahali alipofika.

"Nani huyo anayeimba?" aliuliza Ba Lombe.

"Mimi," alisema Bana Nkandu. Alikuwa ameshika mwiko, hajui auweke wapi. "Sikujua kama nilikuwa naimba. Nadhani hiyo ni ile Jumapili ambayo Nkandu..."

"Mama," alisema Ba Katongo kwa upole, "hatuongei mpaka kugeuza."

Akaurudisha mwiko sufuriani. Upande wa kwanza ulikwisha, na pale pa kugeuza wakasikia wao wenyewe, kutoka ng'ambo ya ukuta, wakicheka na kutukanana. Walisikia vikombe vikipangwa kwenye sinia, mlango ukifunguliwa, Ba Lombe akisema samahani kwa kiti. Kisha sauti ya Ba Chishimba, ya raha, ya mtu aliyeshiba:

"Mimi nimeshawaambia. Nyumba hii, nikifa, ni ya Bana Nkandu. Nisisikie mtu anamsumbua."

Na sauti ya Ba Jere ikamjibu, "Utasikiaje na umekufa, mla nyani?" Wote wakacheka kule, na hapa jikoni hakuna aliyecheka. Wimbo wa kwanza wa upande wa pili ulianza, umezibwa na mlio wa vikombe vinavyosuuzwa.

Ulipokwisha, Bana Nkandu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mmemsikia," alisema. "Na mlimsikia siku ile. Ba Sampa anasema nyumba nayo ni ya ukoo. Mwalimu, wewe unaijua sheria."

"Sheria ipo," alisema Ba Katongo. "Mjane hatolewi ndani ya nyumba. Nenda mahakamani, watakusikiliza."

"Nitakwenda. Nawaomba mje mseme mlichosikia. Basi. Mseme tu."

Wanaume wakatazama sakafu. Ilikuwa sakafu ya saruji nyekundu, iliyosuguliwa kwa nta kila Jumamosi.

"Haya ni mambo ya ukoo, Bana Nkandu," alisema Ba Katongo. "Mtu wa nje akitia mguu..."

"Sisi ni watu wa santuri tu, mama," alisema Ba Lombe. "Samahani."

Bana Nkandu akamgeukia Ba Jere. Alikuwa amemweka wa mwisho, maana ndiye aliyemtegemea.

"Mimi nilishapokea kuku," alisema Ba Jere.

Bana Nkandu alikwenda peke yake. Aliketi kwenye benchi la mahakama asubuhi nzima, amevaa kitenge cheusi, na kabla jina lake halijaitwa alifika mjumbe kutoka kwa Ba Sampa. Ujumbe ulikuwa mfupi: achague, mahakama au ushanga.

Kila mtu pale benchini alielewa. Mume akifa, mzimu wake hubaki mwilini mwa mke mpaka watu wa ukoo wa mume wamfungue. Siku hizi humfunga ushanga mweupe mkononi, na mambo yameisha. Asipofungwa, hakuna atakayempa mtoto mchanga amshike. Hakuna atakayekula chakula alichotia chumvi. Wanawake wenzake watamhamia benchi jingine kanisani, bila ubaya, kwa kuogopa tu. Bana Nkandu alikuwa na binti sekondari na miaka mingi bado ya kuishi na watu. Akainuka. Karani alipoliita jina lake, nafasi yake benchini ilikuwa wazi.

Ushanga alifungwa alfajiri moja na mama mdogo wa marehemu, bibi kizee. Ba Sampa alikuwa na hakika kwamba muziki ni mzimu wa kaka yake, na kwamba mzimu ukiondoka, muziki utarudi kwenye santuri. Alikuwa amezibeba kutoka Luanshya kwa ajili hiyo, na gramafoni pia. Bibi alikaza fundo, akatema mate kidogo chini, akasema, "Nenda, mwanangu, umekuwa huru." Jumapili wakasubiri. Saa nane muziki ulianza jikoni kama kawaida, mwiko, kifuniko, sauti ya mwanamke ikifuata nyuma.

"Kumbe si wa kaka," alisema Ba Sampa.

"Si wake," alisema yule bibi. "Ni wa huyu."

Ba Sampa alifikiri, kofia mkononi.

"Lakini uko ndani ya nyumba," alisema. "Na nyumba ni yetu."

Bana Nkandu alihamia mtaa wa Chimwemwe kwa dada yake, kwenye chumba cha uani. Alibeba ile sufuria ya kuazima, ambayo jirani alimwachia kabisa, nguo, na vitabu vya Nkandu. Siku ya kuondoka alisimama jikoni mpaka muziki ukaanza, akauimbia kwa makusudi, kwa sauti, apate kujua kama unaweza kumfuata. Alipofika getini ulikuwa bado unasikika. Alipofika njia panda haukusikika tena. Huko Chimwemwe Jumapili ya kwanza saa nane ilifika ikapita. Alilia siku hiyo kuliko siku ya maziko, na hakumficha dada yake.

Ba Sampa alihamia Mindolo na akawa mwenyeji mzuri, hilo lazima lisemwe. Alinunua viti vya plastiki na kuvipanga jikoni. Mke wake alipikia nje, hata wakati wa mvua, ili asichafue sauti. Ba Katongo na Ba Lombe waliona haya kwa muda, wakakaa makwao, kisha wakaja. Walikuja na wengine, wa mtaa wa Wusakile, na mwalimu mmoja kutoka Chingola aliyesifika kwa masikio. Kila Jumapili ilikuwa na Jumapili yake ya zamani ndani, nao walijifunza kuzitofautisha. Walibishana kama mwiko wa siku ya matembele ni bora kuliko wa siku ya dagaa. Kuhusu sauti ya yule mwanamke hawakubishana. Walikubaliana kwamba hakuna mwimbaji wa kike katika Ukanda wa Shaba mzima aliyejua kuchelewa vile, na yule mwalimu wa Chingola alifuta macho.

Pale pa kugeuza, karibu kila Jumapili, Ba Chishimba alisema maneno yake kuhusu nyumba. Ba Sampa ndiye aliyeanzisha desturi ya kuvua kofia.

"Sauti ya kaka hiyo," aliwaeleza wageni. "Alikuwa mtu mwema sana."

Ba Jere hakwenda. Nyumbani kwake aliacha kupiga santuri, na akiulizwa alisema masikio yana maji. Mvua zilipoanza alinunua kuku jike mwekundu, akamtia kwapani mahali pa kuwekea santuri, akaenda kwa miguu mpaka Chimwemwe. Bana Nkandu alikuwa ameketi kitandani anachambua maharage. Ushanga ulikuwa mkononi, umeshaanza kuwa wa kahawia.

"Karibu, mla panya," alisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya utani.

Ba Jere akamkabidhi kuku kwa mikono miwili. Bana Nkandu akampokea, akamfunga mguu kwenye mguu wa meza.

"Huyu hakomboi kitu," alisema.

"Najua, mama."

Akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Mvua ilikuwa imeanza, kwanza nyepesi, kisha ya kweli, na kuku akajikunja chini ya meza. Ba Jere aliweka mikono magotini. Aliona haya kuuliza, kwa sababu alikuwa amechelewa miaka yote ile, lakini aliuliza.

"Bana Nkandu, unasikiliza nini siku hizi?"

Lilikuwa swali lisilodanganyiwa, yeye alilijua hilo kuliko wao, alikuwa amelisikia kupitia ukutani Jumapili ngapi. Aliacha maharage.

"Mvua," alisema. "Kwenye bati la watu."

Wakasikiliza. Ba Jere alisubiri mahali pa kugeuza apate kumwambia maneno aliyokuwa ameyapanga njiani kote, lakini mvua haikuwa na mahali hapo, iliendelea tu, na giza lilipokaribia akaaga akaondoka.

Jumapili iliyofuata alirudi Mindolo. Walimpokea kwa furaha, wakamsogezea kiti, wakamtukana kidogo kwa mapenzi. Kabla ya saa nane Ba Sampa aliuliza lile swali, akazunguka nalo jikoni mtu kwa mtu, kila mmoja akasema lake, likafika kwa Ba Jere.

"Mvua kwenye bati la watu," alisema. "Chimwemwe, kwa Bana Nkandu."

Wote wakatafakari. Hawakuwa watu wa kudharau kitu kizuri.

"Pande zote mbili?" aliuliza Ba Lombe.

"Upande mmoja. Haigeuki."

"Na yeye mwenyewe anaimba humo?" aliuliza yule mwalimu wa Chingola, akijisogeza mbele.

"Haimbi."

"Pole," alisema Ba Katongo, naye alimaanisha.

Ba Sampa aliinama kwenye kiti chake. "Inaazimika?"

Ba Jere alifungua mdomo, lakini saa nane ilikuwa imefika na muziki ukaanza, na sharti ni sharti. Akafumba. Walisikiliza upande wa kwanza wote, mwiko, kifuniko, mwanamke akiufuata wimbo nyuma kidogo. Ukakwisha. Vikombe vikapangwa kwenye sinia, na Ba Chishimba akasema kwamba nyumba hii, akifa, ni ya Bana Nkandu, asisikie mtu anamsumbua. Wanaume wakavua kofia, wakaziweka magotini, wakasubiri upande wa pili.